Siku ya Kung'oa Mirunda Kasulu

Niseme ukweli mapema: siku hiyo nilitoka Kibondo kwenda Kasulu kwa sababu ya woga. Siku hizo Kakonko ilikuwa imeshajitenga na kuwa wilaya, kila mji ulikuwa unajenga ofisi, na katikati ya Kasulu serikali ilikuwa inapandisha jengo la ghorofa tatu ambalo mfano wake hatukuwahi kuuona huku kwetu. Ukuta wote wa mbele ni kioo, na juu ya ngazi za kuingilia kuna paa la zege lililochomoza mita nne bila nguzo hata moja. Watu waliliita kepu. Nondo za kepu hiyo nilizifunga mimi.

Paa la namna hiyo nondo zake kubwa hukaa juu, si chini kama tulivyozoea. Nyoosha mkono ubebe ndoo ya maji, utasikia ni msuli wa juu ya bega unaolalamika. Zikizama, paa halina kitu cha kulishika. Siku ya kumwaga zege, Bukuru, msimamizi wa vibarua wa zege, aliniomba tuongeze viti, yaani vyuma vyenye miguu vya kuzibeba nondo, na tulaze mbao za kupitia vibarua. Nilimjibu vibaya mbele ya watu: "Wewe kazi yako zege. Nondo niachie mimi." Nikadandia gari la kurudi nyumbani Kibondo kabla hata zege halijaanza kumwagwa.

Wiki nne baadaye, nikimjengea jirani linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, niliona vibarua wawili wakikanyaga nondo mpaka zikalala chini kabisa. Nikaikumbuka kepu: nani aliwazuia vibarua wasizikanyage nondo zangu? Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kung'oa mirunda, ile miti iliyolishikilia paa la Kasulu. Nilimpigia simu Injinia Rehema, mkuu wetu wa kazi, mara sita. Hapatikani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya lori la maharage, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tulivuka mto Malagarasi hata sikuuona. Tulipofika kijiji cha Makere, dereva akasimama kunywa chai.

"Shuka, fundi, upashe tumbo moto," akaniita.

"Chai baadaye. Twende, kaka yangu."

"Kasulu haihami!" akacheka, akaagiza chapati ya pili. Nilimchukia mtu yule kwa dakika kumi nzima.

Saa tano nilishuka Kasulu nikakimbia. Kutoka sokoni niliiona kepu, imetoka kifua mbele juu ya barabara, nzuri hasa, na mirunda bado iko chini yake. Watu walikuwa wamejaa ng'ambo kungoja ianguke. Injinia Rehema, binti wa Tanga, alikuwa amesimama kwenye ngazi na kofia yake nyeupe.

"Injinia, simamisha kazi!"

"Karibu kwanza, kaka. Za safari?"

"Mbaya." Nikamweleza yote bila kujifichia: viti nilivyovikataa, mbao nilizozikataa, na jinsi nilivyoondoka. Nilijua huenda ndiyo kazi yangu ya mwisho kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Bukuru.

Bukuru ni mtu wa Burundi kwa asili, Mtanzania kwa karatasi, na haongei haraka. "Fundi alipoondoka," alisema, "nalisimamisha kazi. Vipande vya chuma vilikuwa vimebaki, nkavipinda, nkafanya viti. Nkalaza mbao. Nta mtu alikanyaga nondo. Hakuna hata mmoja."

Injinia akatoa simu. Siku ya kumwaga zege alikuwa amepiga picha za taarifa yake, na picha moja ilionyesha yote: nondo zimesimama juu ya viti, vibarua wanapita juu ya mbao. Niliikuza picha kwa vidole, nikahesabu viti kimoja kimoja.

"Mbona hukunipigia simu, Bukuru?"

"Ungenifokea tena, fundi."

Mchana tulivuta uzi pembeni mwa paa kupima kama litashuka, tukang'oa mirunda kuanzia nchani kurudi ukutani. Kila mmoja ulipodondoka nilifumba macho. Ulipotoka wa mwisho, paa lilikuwa limeshuka unene wa njiti ya kiberiti, basi. Ng'ambo watu wakapiga makofi, na mama mmoja muuza ndizi akavuka kunishika mkono. "Fundi! Hongera kwa kepu yako!"

Nilipumua kama mtu aliyetolewa kisimani. Lakini hongera ile sikuweza kuimeza. Nilikuwa nimemdharau Bukuru mbele ya watu, kwa hiyo nikamwomba radhi mbele ya watu, na nikamwambia yule mama mkono wa kushika ni wa huyu.

"Ntaco bitwaye, hakuna ubaya," Bukuru alisema, akipangusa viganja kwenye suruali. "Ila siku nyingine baki uone."

Jioni nilirudi Kibondo nimelala fofofo kwenye kiti cha basi, mpaka kondakta akanitikisa. Nyumbani huniuliza nilijifunza nini safari ile. Kepu ya Kasulu iko juu mpaka leo kwa sababu mtu mmoja hakunitii, nami namshukuru Mungu kwamba hakunitii.