Mla Harufu wa Utange

Sina sababu ya kukudanganya. Gari lenyewe bado liko, limefunikwa turubai nyuma ya nyumba yetu Kisauni, na dada yangu Zuhura yu hai. Ukitaka, nenda ukamuulize. Ila yeye atakusimulia nusu tu. Nusu ya pili ilinikuta peke yangu, mchana wa jua la utosi, huko Utange. Watu husubiri usiku ndipo waogope. Mimi niliyoyaona niliyaona kwenye mwanga wa kuchoma macho.

Lilikuwa gari la michezo, milango miwili, rangi ya komamanga, umri wake unakaribiana na wangu. Lilikuwa chini mno. Ukiketi ndani unahisi unaburura makalio barabarani. Sikulinunua kwa ujana tu. Baba yetu alipofariki Zuhura alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na siku moja, kumnyamazisha kilio, nikamwahidi: siku ya harusi yako nitakuendesha mimi, kwenye gari ambalo mtaa mzima utageuka kulitazama. Mtoto hasahau. Alipochumbiwa, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Kaka, gari liko wapi?"

Nikalipata. Na ndani yake nikapata harufu.

Mwanzoni haikuwa kali. Ilikuwa kama abiria aliyekaa kiti cha nyuma asiyesema neno. Petroli. Asubuhi ipo, jioni imeondoka, kesho imerudi na nguo zangu zote zinanuka. Nikaanza kulala vibaya. Naamka, natoka na shuka, nafungua mlango wa gari, nanusa viti, nanusa zulia, narudi kulala, nashindwa. Niligundua kwamba tangi likijaa ndipo inapozidi, na nikikata kona ya kushoto inanivamia puani kama mtu aliyemwaga kikombe. Niliendesha vioo vyote vikiwa chini, kichwa nje, watu wa Kiembeni wakinicheka.

Fundi wangu alikuwa Mutua, kijana wa bara mwenye gereji Changamwe, upande wa Airport. Alibadilisha kifuniko cha tangi. Akabadilisha ringi ya mpira ya pampu ya mafuta. Akabadilisha mipira yote ya kupitisha mafuta huko mbele, kwenye injini. Kila mara harufu ilikwenda siku mbili, ikarudi.

"Boss," aliniambia mara ya mwisho, akijifuta mikono, "petroli haina uchawi. Ukiisikia, kuna mahali inatoka. Niletee Jumamosi tufungue huko nyuma ya buti, kuna mpira wa kujazia mafuta hatujauona. Na mpaka hiyo siku usibebe mtu. Hata mwenye sigara asikaribie."

Harusi ilikuwa Jumapili.

Sasa nikueleze kilichokuwa kikinikosesha usingizi. Nyumbani kwetu bibi harusi haondoki katika gari lisilofukizwa. Shangazi yetu, Bi Mwanasha, ndiye mwenye kazi hiyo tangu sijazaliwa. Huja na chetezo chenye makaa ya moto, akatia udi, akakiweka ndani ya gari chini ya miguu ya bibi harusi, milango ikafungwa mpaka moshi utokee kwenye mianya. Makaa ya moto. Umenielewa?

Nilijaribu kumzungusha. "Shangazi, safari hii tutumie marashi tu."

"Marashi peke yake?" akaniangalia juu ya miwani. "Twampeleka mwana kwa mume au twamzika?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Sikumwambia ukweli. Kwa nini? Kwa sababu angejua gari linavuja, angetafuta gari jingine dakika ile ile, na ahadi yangu ingebaki imeegeshwa uani. Niseme wazi: nilitaka harufu iondoke kuliko nilivyotaka kujua inatoka wapi. Hapo ndipo nilipopotea, kabla hata sijakutana na mtu yeyote.

Alhamisi nikaenda Utange, kwa wakwe wa Zuhura, kuipima barabara isije ikalikwaruza gari tumbo siku ya harusi. Kona ya mwisho ilikuwa ya kushoto. Harufu ikanijia kwa nguvu hata machozi yakanitoka, nikasimama kando ya ukuta wa nyumba isiyomalizika. Nikafungua milango, nikafungua buti, nikakaa kando nikikohoa. Hakukuwa na mtu. Joto lile hata kunguru walikuwa kimya.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama kwenye buti.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," nikajibu, nikainuka.

Alikuwa mtu mzima, kanzu imepigwa pasi ikakaa kama karatasi, na usoni hana tone la jasho. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka mgongoni. Basi nikafanya lile ambalo kila mtoto wa Pwani amefundishwa na bibi yake: nikatazama miguu. Niamini, niliitazama vizuri. Ilikuwa miguu. Vidole kumi, kucha zimekatwa, makubadhi ya ngozi. Hakuna kwato. Nikashusha pumzi. Laiti waliotufundisha kutazama miguu wangetufundisha kutazama na pua! Maana pua yake ilikuwa ikifunguka na kujifunga, polepole, kama mashavu ya samaki aliyetolewa majini.

"Ni nini hiki chanukia hivi?" akauliza.

Hakusema chanuka. Alisema chanukia.

"Petroli, mzee wangu. Imenishinda."

Akameza mate. Wallahi nililiona koo lake likipanda na kushuka. Alisimama kama mpita njia aliyewakuta watu wanakula: hatazami sahani, lakini hatua haziendi. Nawe wajua tulivyolelewa. Mtu akikukuta na chakula, ukinyamaza umemtukana. Ulimi hutangulia, moyo hufuata. Nikaona ni kichekesho kizuri.

"Karibu," nikamwambia. "Karibu ule."

Hakucheka. "Nakaribishwa kwa moyo?"

"Kwa moyo mmoja, mzee. Kula, usibakishe."

"Nisibakishe?"

"Hata chembe!"

Akainama, akaingiza kichwa ndani ya buti, akavuta pumzi.

Nikuambieje pumzi ile? Haikuwa na mwisho. Majani ya mwarobaini juu ya ukuta yaliinama upande wetu na upepo hakuna. Nikahisi kitu kinavutwa nyuma ya macho yangu, chembamba, kama uzi unaotolewa kwenye pindo la nguo, na nguo haijui bado kwamba inafumuka. Kisha akainuka, akajipangusa midomo kwa leso nyeupe.

"Umenishibisha," alisema. "Nyinyi watu wa huku mna mikono mipana."

Akazunguka kona ya ukuta. Nikamfuata nimuulize jina. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kiwanja kitupu na mbuzi mmoja amefungwa kamba, akipiga chafya mfululizo. Mtu hayupo.

Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi nilirudi kunusa gari. Nikanusa buti. Nikanusa viti, zulia, kifuniko cha tangi. Hakuna kitu! Nilipiga kelele za furaha peke yangu pale barabarani. Nikampigia Mutua simu nikamwambia Jumamosi asinisubiri, gari limepona.

"Limepona? Nani amelifungua?"

"Imeondoka yenyewe."

"Boss, mafuta haiachi kutoka yenyewe."

Nikakata simu.

Siku mbili zile nilikula pilau nikaiona kama karatasi iliyoloweshwa, nikadhani ni mafua. Nyumba ilijaa asumini na halua, wanawake wanaingia na kutoka, nami napita katikati yao kama mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo. Nikasema ni uchovu. Mtu mwenye furaha hajichunguzi.

Jumapili asubuhi nikalijaza tangi mpaka juu. Baada ya alasiri Zuhura akatoka. Gari la milango miwili halikuumbwa kwa bibi harusi: ilibidi kiti cha mbele kilazwe, akaingizwa nyuma kama barua kwenye bahasha, gauni likajaa mpaka kwenye vioo, na vioo tukavifunga vumbi lisimharibu. Mtaa mzima uligeuka kutazama, kama nilivyomwahidi.

Shangazi alichelewa kwa sababu makaa yalikuwa hayajakolea. Akaja anayapuliza, macho nusu yamefumbwa kwa moshi, udi umetanda uani hata hakuna ambaye angesikia harufu nyingine yoyote. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikamfungulia mlango.

"Kaka," Zuhura akasema kutoka ndani, "kichwa chaniuma. Hii nguo yangu yanuka petroli. Hamsikii?"

"Petroli gani, wewe?" nikasema. Na ili nimwonyeshe, nikavuta pumzi ya kujaza kifua.

Hewa iliingia kama inavyoingia kwenye chupa tupu. Petroli hakuna. Na udi pia hakuna. Chetezo kilikuwa shibiri moja kutoka usoni kwangu, moshi unanitoa machozi, na udi hakuna! Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtu alivyouliza, nisibakishe?

Nilikipiga chetezo kwa kiganja, kikamtoka Shangazi mikononi, makaa yakaniangukia mkononi na mengine mchangani. Nikayarushia mchanga kwa miguu kama mwendawazimu. Nikamvuta Zuhura kwa kiwiko, gauni likachanika pindo, likabaki kipande mlangoni.

"Umerogwa?" Shangazi alipiga ukelele. "Siku ya mwenzio?"

"Tokeni! Ondokeni karibu na gari!"

Zuhura alikwenda kwa mumewe kwa tuktuk ya jirani, gauni limechanika, analia na kucheka pamoja. Sikumwendesha mimi. Nilibaki uani na mkono unaoungua, wanawake wakinipita mbali.

Kesho yake Mutua akaja, akafungua nyuma ya buti. Zamani sana mtu alikuwa ameweka mpira wa maji ya rejeta mahali pa mpira wa petroli. Umelainika kama bamia iliyopikwa, unadondoka, na chini ya zulia, pale alipoweka miguu dada yangu, pamekuwa kidimbwi. Mutua alirudi nyuma akijifunika uso.

"Boss, umekaaje na hii? Mimi hapa siwezi hata kupumua!"

Nikachovya kidole, nikakiweka puani. Kilikuwa baridi. Ni hilo tu.

Huu ni mwaka wa tatu. Madaktari wamenimulika pua, wanasema ni nzima. Maalim mmoja alinisomea siku saba. Siku ya nane akaniuliza kama nilimkaribisha. Nikasema nilimkaribisha. "Basi hakuiba," akasema, akafunga kitabu.

Zuhura alipojifungua, mtoto alipitishwa mikononi mwa wanawake, na kila mmoja alimnusa utosini akafumba macho. Alipofika kwangu, nami nikainama. Niliona joto lake, niliona nywele zake laini. Zuhura alikuwa akinitazama, akageuza uso. Usiku naamka mara tatu kushika valvu ya mtungi wa gesi. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla ya kuketi namuuliza mwenyeji kama kuna kinachoungua. Wamenizoea.

Nawe unayenisikiliza: kitu chako kikinuka, vumilia hiyo harufu mpaka ujue inatoka wapi. Ni mlinzi anayekugongea mlango. Usitafute wa kumnyamazisha. Na ukimwona mtu, mchana kweupe, miguu yake mizima, akilitamani lile ambalo wewe unalikimbia, funga mdomo. Usimwambie karibu. Mwache apite na njaa yake, hata akikuita mchoyo.