Chozi la Mama Wakati wa Kula

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kiminini ilikuwa mwiko kusimama mbele ya kimbunga cha vumbi. Vimbunga hivyo vilikuja baada ya mavuno, mashamba yamebaki mabua matupu, vikazunguka na majani makavu mpaka juu ya paa. Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, alitwambia kwamba wafu wasiotulia husafiri humo, na humgusa usoni yeyote anayewakatia njia. Tukikiona tulilala kifudifudi.

Siku moja Mama hakulala. Alikuwa ameanika mahindi uani, na kimbunga kilipoingia alijitupa juu ya turubai lisipeperushwe. Kukhu alipiga kelele kutoka mlangoni. Mama aliinuka amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akacheka, akaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi chai ilimtoka mdomoni ikamwagikia kifuani. Alijifuta, akanywa tena, ikamwagika tena. Ndipo nikamtazama. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala. Mdomo ulikwenda upande, na jicho lilikataa kufumba.

"Nirikwambia," Kukhu alisema. Yeye alikuwa mtu wa Chwele, na l na r hazikuwahi kutulia ulimini mwake. "Nirikwambia usisimame hapo." Kisha akakaa chini akalia.

Baba alimpeleka Mama kwa daktari Kitale. Daktari alisema neva ya uso imevimba na kubanwa, kwamba itapona lakini polepole, na jicho lisiachwe wazi usiku lisije likakauka. Mama alipewa tembe, nami nikapewa kazi ya kulifunga jicho lile kwa plasta kila tulipokwenda kulala. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mpaka leo nakumbuka jinsi lilivyonitazama mpaka plasta ilipofunika kope ya mwisho, kama la mtu asiyetaka kulala.

Msimu ule ulikuwa mrefu. Mama aliacha kwenda sokoni Chwele kwa sababu wateja waligeuza macho. Alilima amejifunga leso mdomoni. Jioni Kukhu alimkanda shavu kwa samli, kimya, na sikujua kama alikuwa akimtibu au akimwombea msamaha kwa wale wa kwenye upepo. Mvua ilikuwa imeshakuja, mahindi mapya yakitufika magotini, siku pembe ya mdomo wake iliposhtuka. Tulipiga vigelegele. Baada ya hapo uso ulirudi kidogo kidogo, ingawa haukurudi wote. Akitabasamu, jicho la kushoto lilijifinya.

Halafu machozi yakaanza. Mama hakuwa na huzuni, alikuwa anakula tu. Akitia tonge la ugali mdomoni na kutafuna, chozi liliteremka kutoka jicho lile lile. Akimaliza kula, linakoma.

Kukhu aliliangalia siku kadhaa. Mwishowe aliweka sahani chini, akasema kwa sauti ndogo, "Ni Nekesa. Alikufa kabla ya kuonja ugali. Sasa anakula na mamake."

Nekesa alikuwa mdogo wangu, aliyefariki akiwa bado ananyonya. Jina lake halikuwa likitajwa nyumbani. Baba aliondoka mezani. Mimi niliganda, nikidhani Mama atamjia juu Kukhu. Hakufanya hivyo. Alitafuna taratibu zaidi.

Tuliporudi kwa daktari niliandamana naye. Daktari alimpa biskuti, akatazama chozi likishuka, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuliona jambo hilo.

"Mama, neva ikiumia sana huota tena, pole pole sana," alisema. "Lakini nyuzi zake ni nyingi, na nyingine hupotea njia. Zile za kuleta mate zimeenda kwa jicho. Ndiyo maana ukitafuna, unatoa machozi. Si ugonjwa mbaya."

"Kwa hivyo ni neva tu?" Mama aliuliza.

"Ni neva tu."

Nilitegemea afurahi. Alifunga kamba ya mkoba wake, akashukuru, tukatoka.

Usiku ule tulikula pamoja. Chozi lilishuka. Kukhu alimtazama, akasema, "Leo anakula vizuri."

Nilifungua mdomo kueleza habari ya nyuzi zilizopotea njia. Mama alinibana goti chini ya meza. "Ndiyo, Mama," akamjibu Kukhu. "Anakula vizuri."

Kukhu alishazikwa. Mama anakaa nami Kitale sasa, mikono yake inatetemeka, na mimi ndiye ninayemlisha baada ya siku nzima ya kushona nguo za watu. Chozi bado lipo. Wageni huuliza, "Ati mama analia? Nani amemuudhi?" nami hueleza, mpaka nimechoka kueleza. Sijawahi kumuuliza aliamini nini. Zamani nilifikiri alimdanganya Kukhu ili kuwe na amani. Siku hizi, nikiwa nimechoka hivi, nafikiri alikuwa amebeba kifo kile peke yake muda mrefu, na Kukhu alikuwa mtu wa kwanza kumtajia jina la mtoto wake. Daktari alisema kweli. Lakini kweli ile haikuwa na mtoto ndani yake, na Mama alihitaji mahali pa kumweka.

Namfuta shavu kwa kitambaa, nampa tonge jingine.