Bibi wa Rundo la Lantana

Sikuwa nimelewa, sikuwa naota, wala homa sikuwa nayo. Ulikuwa mchana. Ukitaka kubisha, bisha, lakini nisikilize kwanza.

Tulikuwa tunang'oa lantana pembezoni mwa msitu wa Shengena, huku milimani Same. Mmea huu uliletwa kutoka mbali, watu wakaupanda uwe ua wa nyumba kwa uzuri wa maua yake. Sasa unaunyonga msitu. Tunaung'oa, tunarundika, tunachoma. Sharti ni moja: kila kichaka kitikiswe kwanza, vinyonga watolewe wapelekwe kwenye miti ya msituni, maana hawa wetu wenye pembe wamebaki wachache. Tulikuwa tunawabeba kwa ncha ya fimbo. Mpare gani atamshika kinyonga kwa mkono?

Mimi niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Kazi hii ndiyo iliyotulisha. Kwa hiyo ukungu uliposhuka na msimamizi akafoka, "Washeni kabla ya mvua! Atakayechelewesha asirudi kesho," nilinyamaza, ingawa rundo la mwisho lilikuwa halijatikiswa.

Msimamizi akateremka kwa wenzetu wa chini. Elinihaki, niliyekuwa naye, akatoa kiberiti. Ndipo nikamwona bibi.

Alitoka kwenye ukungu, amejifunga khanga ya kijani. Kila hatua aliianza, akairudisha, akaianza tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wanangu wamo humo." Akaonyesha rundo.

Jicho lake moja lilinitazama mimi. La pili, niamini, liligeuka peke yake likautazama mkono wa Elinihaki.

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vimegandana, viwili upande huu, vitatu upande ule. Niliwaza wadogo zangu nyumbani wanaosubiri unga. Kisha nikawaza hao wa kwenye rundo.

"Kaka, usiwashe!"

Elinihaki akacheka. "Dada Nakunda, unaongea na nani hapo? Njaa imekupanda kichwani?"

"Humu kuna vinyonga!"

"Si waote moto, na baridi hii! Mimi kesho nataka kazi." Akawasha njiti.

Nilimpiga kikumbo, njiti ikazimikia matopeni. Nikalifumua rundo kwa mikono, miiba ikanichana. Wakaanza kutoka, wakubwa, na wadogo kama ukucha. Niliwabeba kwa viganja hivi hivi, fimbo sikuikumbuka. Nilipoinua kichwa, bibi hakuwepo. Kwenye tawi la mti wa mkulo alikuwepo kinyonga mmoja mkubwa, wa kijani, anayumba mbele na nyuma.

Nilikuwa sijamaliza. Nyuma yangu Elinihaki aliwasha upande wa pili, na moto ukashika. Kitu kikalia ndani yake, chembamba, kama kitoto. Elinihaki hakucheka tena.

Msimamizi aliporudi, akanifukuza pale pale. Usiku ule tulikunywa uji mwepesi, tukalala.

Kulipokucha, jicho la kushoto la Elinihaki lilikuwa linazunguka peke yake. Akikutazama wewe, lenyewe linatazama nyuma yako. Hospitalini wamelipima, wanasema ni zima kabisa. Wenzetu wote walikataa kuwasha moto bila mimi kuwepo, mpaka msimamizi mwenyewe akaja kugonga mlango wetu: "Njoo, dada. Wewe utakuwa wa kutikisa tu." Wadogo zangu wanakula kwa kazi hiyo hadi leo.

Ila ukungu ukishuka, Elinihaki hulifunga lile jicho kwa kitambaa. Siku moja nilimuuliza linaona nini.

"Linamwona bibi yako," akasema. "Anahesabu wanawe. Akifika mwisho anaanza tena."

Wewe mwenye kichaka cha kuchoma, kitikise. Ukimaliza, kitikise tena. Bado hawajatimia, na yule mama hajaacha kutafuta.