Fimbo ya Frère Declan

Mwezi wa kumi, mwaka 1991, siku za ule uporaji wa Lubumbashi, tulimpoteza Frère Declan, bruda wa misheni na jirani yetu. Fimbo yake tuliipoteza siku ya maziko, na hiyo hakuna aliyetuibia.

Hadi leo nikipita kwa maseremala wa Kamalondo na kunusa mafuta ya kupaka mbao, miguu yangu hukosa utulivu. Ndivyo fimbo ile ilivyonuka. Nikiwa mtoto ilinifika kiunoni, bapa upande wa chini kama mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Kwao Ireland huichezea mpira mdogo mgumu, ukubwa wa chungwa, wakiupiga ukiwa bado hewani, hata kama fimbo ya mwenzako inakupitia puani.

Frère alikuwa mtoto wa shamba. Aliingia timu ya jimbo lao akiwa kijana, akatwaa kombe mara moja tu. Alipoingia utawa, wakubwa wakamkataza kucheza. Akacheza mechi moja tena kwa jina la uongo, akavunjika kidole kilichobaki kimepinda. Mama yake alisoma gazetini sifa za huyo mchezaji mgeni, akamwombea. Frère alipotusimulia hayo alicheka mpaka akakohoa, huku akitembea. Hakujua kukaa.

Nyumba yake ilipakana na yetu. Waporaji walibeba vitanda, milango, hata mabati. Yeye alisimama getini na fimbo yake.

"Muachieni muzee fimbo," mmoja alisema. "Ataanguka!"

Wakacheka, wakapita na friji yake.

Wazungu wengine walikimbilia Zambia. Frère alihamia kwetu, akawa anazunguka ua tangu asubuhi, akiupiga mpira ukutani.

"Frère, ikala basi," Mama alimwambia, akimsogezea kiti. "Unatuchokesha macho."

"Kesho, Mama Odile."

Wiki hiyohiyo moyo wake ulisimama.

Simu hazikufanya kazi. Alikuwa hana ndugu wa kumzika, kwa hiyo Mama akawa ndugu. Aliweka juu ya kaburi kikombe chake na sahani yake, akiwa amevitoboa kwa msumari, kama tunavyofanya kwetu. Kisha akaigonga fimbo kwenye jiwe mpaka ikavunjika vipande viwili.

Mvua zilipoisha, dada yake Frère, aitwaye Brigid, alikuja kutoka Ireland, na padri kijana wa kumtafsiria. Brigid alikuwa mrefu, na yeye pia alikataa kiti. Alitaka kitu kimoja: fimbo iliyotwaa kombe, ampelekee mtoto wa kaka yao aliyekuwa anaanza kucheza.

Mama alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. Mdogo wake Mama, aliyemwita yaya kwa kuwa ni dada yake mkubwa, akamnong'oneza: "Sema baliiba, yaya. Si bantu bote baliibiwa?"

"Hapana," Mama alisema kwa sauti. "Nilivunja miye mwenyewe."

Padri akatafsiri. Uso wa Brigid ukawa mwekundu. Akauliza kwa nini.

"Kitu kizima juu ya kaburi, banaiba. Kikivunjika kinabakia yake. Hakuna muntu atamunyang'anya tena."

Nililia kwa aibu. Nilitamani Mama angedanganya kidogo tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nimeshazika watu wangu, ndipo nilipoelewa kwamba mwaka ule kila mtu alisema "wameiba", na mara nyingi ilikuwa kweli. Mama alitaka Frère abaki na kitu kimoja kisichoporwa, na hakutaka yeye naye ampore kwa kusema uongo kwamba imeibwa.

Tulikwenda makaburini kwa miguu, Brigid akitutangulia ingawa hakuijua njia. Alipiga magoti, akaviunganisha vile vipande juu ya paja lake, akavitazama muda mrefu, akavirudisha palepale. Halafu akatoa mkobani mpira mpya wa ngozi nyeupe aliokuwa ameubeba kutoka kwao. Mama akanyoosha mikono kuupokea. Brigid akatikisa kichwa, akamwambia padri jambo.

"Anaomba kisu," padri alisema.

Kisu hatukuwa nacho. Nikakimbia kuazima panga la mchimba makaburi. Brigid akalishika kwa mikono miwili, akaupasua mpira kwenye mshono, akauweka kando ya kikombe.