Maji ya Moto ya Bibi Haru

Kabla sijauona ule mji, niliunusa. Basi dogo lilikuwa likipanda kilima kwa kukoroma, na harufu ya mayai yaliyochemshwa kupita kiasi ikatuingilia madirishani. Nikaziba pua kwa upindo wa mtandio wa mama. Mama akauondoa mkono wangu taratibu, akaninong'oneza kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nje, mvuke ulifuka kutoka ardhini, kwenye mitaro, nyuma ya maduka, katikati ya mawe, kana kwamba mji mzima umebandikwa jikoni. Mimi mtoto wa Doha sikuelewa. Kwetu, mtaa wa Najma, jua la kiangazi lilipika tangi la juu ya paa mpaka bomba la maji baridi likatoa maji ya kubabua, nasi tulijaza ndoo usiku ili asubuhi tupate ya kuogea. Sasa tumepanda ndege, tumevuka bahari na nchi nisizozijua majina, kuja Japani kufuata maji ya moto?

Tulikuwa tumemfuata Bibi Haru. Alikuwa mama mzazi wa Madamu Keiko, mwajiri wa mama, ambaye mumewe alikuwa mhandisi wa gesi. Waliishi kwenye ghorofa moja upande wa Al Sadd. Baba yangu aliendesha basi la hoteli, na mama, mzaliwa wa Tanga, alimtunza bibi huyo tangu kiharusi kilipomlaza upande mmoja na kumwachia maneno machache mdomoni. Mama alimlisha, akamwogesha, akamchana nywele. Walielewana kwa Kiarabu cha sokoni, Kiingereza cha kuokoteza, na neno "polepole" ambalo Bibi aliliokota kwa mama na kulitumia kwa kila kitu, hata kuomba chai. Mimi nilishinda pale baada ya shule nikiandika mazoezi yangu ya darasani sakafuni, na kwa kuwa mama aliniita "mwanangu," Bibi aliamini hilo ndilo jina langu. "Mwanangu!" angeita kwa sauti yake ya mkwaruzo, nami ningekwenda.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bibi Haru alitaka jambo moja tu: kurudi katika mji aliozaliwa, akalale kwenye nyumba ya wageni ambamo mama yake alikuwa mtumishi, aingie tena kwenye maji yale ya moto ya chemchemi. Lakini hakukubali kunyanyuliwa na mtu mwingine yeyote ila mama yangu. Hata bintiye alipomgusa alikakamaa kama ubao. Ikabidi mama asafiri naye, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na zamu za baba hazina mwisho, nikasafiri nami.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, kongwe, na ililia chini ya nyayo zetu. Viatu viliachwa mlangoni. Chumba chetu kilitandikwa mikeka minene yenye harufu ya nyasi kavu, milango yake ya karatasi ikapitisha mwanga kama maziwa, na kitanda hakikuwepo. Mama alifurahi. "Wanavua viatu, wanakula chini," alisema, "hawa si wageni kwetu." Kisha mwenye nyumba akaingia, mama wa makamo aliyevaa vazi refu lililombana, akapiga magoti mbele ya mama yangu na kummiminia chai. Mama aliruka kama aliyekalia siafu. Akaishika ile birika, mwenye nyumba naye akaing'ang'ania, wakavutana kwa adabu na tabasamu mpaka mama akashindwa. Jioni, mwenye nyumba na watumishi wake walipokuja kututandikia magodoro, walimkuta ameshayatoa kabatini. Yule mama alicheka, akamshika mabega, akamkalisha. Mama alikaa akiwa ameweka mikono mapajani, akiigeuzageuza, kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa bure.

Asubuhi ndipo mambo yalipoharibika. Madamu Keiko alieleza kwamba mwenye nyumba ameahidi kufunga bafu la wanawake kwa muda, wageni wengine wakitoka kutembea, ili Bibi aingie kwa utulivu. Ila kulikuwa na desturi. Mtu huoga kwanza pembeni, kisha huingia kwenye maji kama alivyozaliwa. Nguo haiingii, kwa sababu maji ni ya wote.

"Nitambeba mpaka ukingoni," mama alisema.

"Hakuna wa kumpokea ndani. Hakubali mwingine, unajua," Madamu akajibu. "Saida, tumetoka mbali kote kule kwa ajili ya hili. Ni wanawake peke yao."

"Madamu, mwili wa Bibi nimeustahi kila siku. Na wangu naustahi. Kujivua siwezi."

Madamu Keiko akageuka dirishani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bibi Haru aliwatazama wote wawili kutoka kwenye mto wake. Hakuelewa maneno, lakini alielewa. Machozi yalimtoka upande mmoja tu wa uso, ule uliobaki na uhai. Mimi niliogopa. Niliwaza kwamba mama atafukuzwa kazi hukohuko, na sikujua mtu aliyefukuzwa Japani hurudi vipi Najma.

Mama ndiye aliyeinuka. Alifungua begi, akatoa kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya safari, akamfuata mwenye nyumba na kumwonyesha kwa mikono jinsi atakavyojifunga kifuani. Yule mama aliipapasa, akauliza kitu. Madamu akatafsiri kwa sauti ya chini: haitoi rangi? Wakaleta beseni, wakaichovya. Maji yakawa mekundu kama juisi ya ubuyu wa rangi unaouzwa mitaani. Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Ndipo nilipokumbuka kanga yake ya kulalia, kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Nilikimbia kuileta. Mwenye nyumba aliichovya, akaikamua, akaichovya tena, akaangalia beseni. Maji yalikuwa meupe. Akatazama kule alikolazwa Bibi Haru, kisha akaitikia kwa kichwa.

Bafu lilikuwa la mawe, wazi upande wa bustani, na mvuke ulitanda hata miti isionekane vizuri. Mama alishuka kwanza, amejifunga kanga, akiuma meno kwa joto, halafu akampokea Bibi Haru. Yule bibi alipoingia mpaka mabegani alitoa pumzi ndefu, na mkono wake uliokuwa umekunjamana siku zote ukaanza kulegea, kidole kimoja kimoja, ukielea juu ya maji. Akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake. Madamu Keiko, aliyekuwa amesimama ukingoni, akajifunika mdomo.

"Anasema hapa ndipo mama yake alikuwa akimwosha," alituambia. "Wageni wakishaondoka."

Mama alimtazama. "Ingia, Madamu. Njoo umshike wewe."

"Hatakubali."

"Njoo. Weka mkono hapa, chini ya kwapa. Polepole."

Bibi alilisikia neno lake. Madamu alijivua, akaingia, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, na Bibi hakukakamaa. Akaegemeza kichwa begani kwa bintiye, akafumba macho. Mama alirudi nyuma hatua kadhaa, akakaa juu ya jiwe lililozama, maji yakimfika shingoni. Hakuwa na wa kumshika tena. Naye akafumba macho. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa mzuri kiasi kile.

Tulirudi Doha wawili. Bibi Haru hakutaka kuondoka, na Madamu Keiko alibaki naye, akamwacha mumewe amalizie mkataba peke yake. Kwa hiyo mama alikosa kazi, kama nilivyoogopa, ingawa si kwa njia niliyoiogopa. Alipata nyingine ya kufua nguo hotelini, yenye joto na kelele zaidi. Nilimuuliza kama anajuta. "Mtu akioshwa na mwanawe," alinijibu, "mimi wa nini?" Simu ya msiba wa Bibi ilipokuja, miezi mingi baadaye, alisali, akalia, kesho yake akaenda zamu.

Leo mimi ndiye ninayefanya kazi hotelini, mapokezi, Al Sadd, na ninakwenda kazini kwa treni ya chini ya ardhi ambayo utotoni mwangu haikuwepo. Ghorofa letu la Najma limebomolewa. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama yuko Tanga, nyonga zimemkataa, na anayemwogesha ni Rehema, binti wa jirani, mpole na mwenye subira. Likizo iliyopita nilimwomba Rehema aniachie kazi hiyo. Nilimshika vibaya, nikammwagia maji machoni, mama akanicheka mpaka akakohoa, kisha akanielekeza pa kuweka mkono. Tulikuwa na siku hizo chache tu. Nikafunga begi nikarudi kazini. Mama hanilaumu, nikipiga simu huuliza tu kama nimekula. Lakini Madamu Keiko alibaki na mama yake, na mimi bado sijaweza.