Viti Saba vya Sitara

Bi Waridi alikaa, akainuka, akakaa tena. Mkeka aliotandika pale Mnazi Mmoja ulikuwa kama una makaa chini yake. Vikombe vya chai kaviacha kwenye kibanda chake cha chai Kariakoo bila kuoshwa, jambo ambalo kwake halijapata kutokea.

Leo bintiye, Sitara, anapanda viti saba mbele za watu. Kiti juu ya kiti, kisha asimame kwa mikono kule juu. Hiyo ndiyo sarakasi aliyopelekwa China kujifunza, miaka minne mizima. Aliondoka anaogopa ngazi ya dari; karudi anakunywa maji ya moto matupu na kujikunja kama ukili.

"Mama, tulia," alimwambia asubuhi. "Viti ni vilevile vya China. Kimoja tu kilivunjika melini, fundi wa mtaa wa Gerezani katuchongea kingine."

Kingine! Neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Bi Waridi ni mtu wa mabenchi, yale wanayokalia wateja wake wa chai. Kila alfajiri huyatikisa moja moja, tangu siku benchi lilipomwangusha hamali na chai ya moto mkononi.

Basi viti vilipotolewa tu, huyoo, kanga kiunoni, kapanda jukwaani.

"Ndugu mama, teremka!" msimamizi akafoka.

"Undugu wetu wa tumbo gani? Nipishe!"

Akatikisa cha kwanza, akatikisa cha pili. Watu hoi kwa kicheko.

"Bibi, panda mwenyewe!" mmoja wao akapaza sauti.

"Nikipanda mimi, kiingilio utalipa mara mbili!"

Cha tano kikacheza chini ya kiganja chake. Kidogo tu, kama jino la mtoto.

"Hiki hakipandwi."

"Mama, unaniaibisha," Sitara akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Tumetangaza saba."

"Tangazeni sita."

Sitara akakishika kiti, akakitikisa mwenyewe. Kikacheza. Kisha akamgeukia msimamizi: "Sita."

Bi Waridi akakiburura pembeni ya jukwaa, akakikalia, asije mtu akakirudisha. Sitara akapanda. Viti vinne, vitano, sita. Miguu ikaenda juu, kimya kikatanda, na katika kimya hicho watu walisikia kitu kimoja tu: ta, ta, ta, kiti kibovu kikigonga mbao chini ya mama mtu, wala hakikutulia mpaka nyayo za bintiye zilipogusa jukwaa.