Weupe Ndani ya Mshono

Juma lile bibi yangu alikuwa amelazwa hospitali, mimba ya miezi minane, uso na miguu vimevimba. Daktari alisema hataweza kuzaa mwenyewe, lazima apasuliwe siku ya Ijumaa. Lakini walitaka kwanza karatasi kutoka kazini kwangu, yenye sahihi na muhuri, ya kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa kazi kweli. Siku zile ilikuwa hivyo: huna kazi, huna karatasi; huna karatasi, huna kitanda. Nilipomwomba kapita wetu, yaani msimamizi, alinijibu: "Karatasi ni Ijumaa asubui, citoyen. Muhuri iko kwa patron, na patron anafungula kabati Ijumaa tu." Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyotakiwa kuitana wakati ule, wakubwa kwa wadogo.

Kazi yangu ilikuwa kuosha motokari. Karakana haikuwa ya ile kampuni kubwa ya madini ya serikali. Ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja, huyo patron, kando ya barabara waliyopita malori ya mawe ya chokaa kutoka Kakontwe. Tulikuwa waoshaji wawili. Mwenzangu alinizidi umri kwa miaka mingi. Alizaliwa hapa hapa Likasi, ila baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mimi nilimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, na yeye aliniita mudogo. Ndiye aliyenifundisha kukausha.

Watu wanafikiri kazi yenyewe ni kuosha. Kuosha kila mtu anajua. Maji ya kwetu yana chokaa: ukiacha matone yakauke juani juu ya rangi nyeusi, kila tone linaacha duara jeupe, na duara hilo linaila rangi. Ukiogopa madoa ukasugua haraka, unasugua pamoja na vumbi la mawe, na hapo unaichora rangi kwa mkono wako mwenyewe. Yaya alikuwa anamwaga maji ya mwisho pole pole kuanzia juu ya paa, bila kubana mdomo wa mpira wa maji, ili maji yashuke yakiwa yameshikana na yachukue matone yaliyobaki. Halafu alitandaza kitambaa kama anatandika kitanda, akakishika pembe mbili, akakivuta kuja kwake bila kukikandamiza. Kitambaa kilikunywa maji kwa uzito wake tu. Kikianguka chini, hata mara moja, kimekufa. Tangu hapo ni cha magurudumu tu.

"Weye unapangusa," aliniambia siku za mwanzo. "Minye nilisema ukaushe. Kupangusa ni ya meza."

"Tofauti iko wapi, yaya?"

"Mutoto akiwa na surua, ukimutoa mu mayi, unamupangusa ao unamukausha? Aya basi."

Zamani tulikuwa na ngozi laini ya kukaushia, iliyotoka Ulaya. Ya mwisho ilichakaa mpaka ikawa inakatika mikononi kama bukari, yaani ugali, iliyolala, na dukani wakasema haiji tena. Ndipo bibi yangu akatuletea mifuko ya unga, ile ya pamba. Kina mama wa kwetu waliifua mpaka maandishi yakatoka, wakashona mapazia na nguo za ndani za watoto. Ukiifua mara nyingi inakuwa laini kuliko shuka. Yaya aliipenda, ila alisema pindo litolewe, maana mshono una uzi mgumu na mchanga unajificha humo. Bibi alikaa mlangoni na wembe akafumua mifuko mitatu. Kabla hajafika wa nne macho yakaanza kumfifia, nikampeleka hospitali.

Mfuko wa nne ulibaki na pindo lake. Jumanne niliutumia kukaushia upande wa chini wa lori moja la mawe, nikausuuza, nikauanika kwenye kamba.

Jumatano patron alileta motokari yake nyeusi, imepakwa rangi upya. Kesho yake alikuwa ampokee mkubwa mmoja kutoka Kinshasa, na mkubwa huyo akiridhika, karakana ingepewa kazi ya motokari za serikali. Kapita alikuja mwenyewe kutueleza. Hakupiga kelele, hilo lazima niliseme.

"Bababa," alisema, "leo mukono ikuwe pole, sawa ya muzalishaji."

Yaya akainama, akatazama boneti. "Kumbe patron iko na mimba! Ya miezi ngapi?"

Tulicheka wote, hata kapita. Nakumbuka kwamba na mimi nilicheka.

Tuliosha vizuri. Lakini kivuli cha kibanda kilikuwa kimejaa injini zilizofunguliwa, ikabidi tukaushe nje, na jua lilikuwa limeshapanda. Yaya alikuwa kwenye paa na milango, mimi kwenye boneti. Vitambaa vilishiba maji, tukawa tunavikamua na kubadilishana, na matone yalianza kukaukia pembeni. Nilitazama kamba: kitambaa kikavu kilikuwa kimoja tu, ule mfuko wa nne. Nikauchukua. Ndani ya mshono niliona weupe. Niliukwangua kwa ukucha nikasema moyoni, huu ni unga. Mfuko wa unga, ndani yake kutakuwa na nini kingine? Na unga haumchubui mtu.

Sikuuonja. Ningeuweka ulimini ningejua mara moja, maana vumbi la mawe linakwaruza na unga haukwaruzi. Mawazo yangu yalikuwa hospitali. Lakini hiyo siiweki kuwa sababu, kwa kuwa yaya naye alikuwa na shida zake nyumbani na mkono wake haukukosea.

Nilivuta mara tatu, labda nne.

Mchana kapita alituita. Patron alikuwa amesimama mbele ya motokari. Ukitazama boneti kutoka juu huoni kitu. Ukiinama ukaitazama kwa ubavu, jua likiipiga, unaona mistari, miwili miwili, imeachana kidogo kama reli.

"Nani alikausha hapa?" patron aliuliza.

Yaya alitazama mistari, halafu akatazama mikono yangu. Usoni hakunitazama. "Tulikausha shiye wote wawili," alisema.

"Sikuuliza wote. Niliuliza nani."

Mimi nilijua. Pindo la mfuko ule lilishonwa kwa nyuzi mbili zinazokwenda pamoja. Lakini tulikuwa tumebadilishana vitambaa, na nikajiambia, pengine yaya naye aliushika dakika moja bila mimi kuona. Nilikuwa natafuta mahali pa kujificha, nikapapata. Nikasema: "Minye siyue, patron."

Patron akasema mpaka kesho mmoja wetu atakuwa ameondoka. Baadaye kapita alinivuta kando. "Kama ni weye, sema. Minye nitaongea naye." Aliniuliza hivyo mara mbili, na kwa upole. Moyoni nilikuwa nahesabu: leo Jumatano, muhuri Ijumaa. Nitasema Ijumaa, karatasi ikiwa mkononi. Ni siku mbili tu. Nikamjibu tena kwamba sijui.

Alhamisi asubuhi walimwondoa yaya. Kapita alieleza kwamba boneti siku zote ni ya mkubwa wa kazi, kwa hiyo kosa ni la mkubwa. Pale uani fundi mmoja akasema kwa sauti: "Aende akaushe za kwao Kasai!" Wengine wakacheka. Mtu aliyezaliwa Likasi. Mimi sikucheka, lakini pia sikumjibu yule fundi, na sijui kama kutocheka kunahesabiwa. Yaya alichukua kipande chake cha sabuni na viatu vyake vya mpira, akatoka bila kuniaga.

Ijumaa nilipata karatasi. Nilikimbia nayo mpaka hospitali, kifua kinaniuma. Walimpasua bibi kabla ya saa sita. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, alilia kidogo tu. Mama yake alikuwa hai. Nilimshika mguu uliovimba, nikatoka, nikarudi karakana moja kwa moja, nikamwambia kapita kila kitu: mfuko, pindo, weupe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunga mlango.

"Na unaniletea leo."

"Ndiyo, chef."

"Nifanye nini na ile maneno? Patron nikimuambia, atakufukuza na weye, na ule hatamurudisha. Patron haombake muntu musamaha. Bibi yako angali mu kitanda ya ile karatasi ya kazi. Kwenda."

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda mtaa wa Kikula kwa yaya. Alikuwa nje ya nyumba yake anapanga makaa kwenye mafungu ili bibi yake akauze. Alinipa kiti. Hakuacha kupanga.

"Bibi?"

"Iko muzima. Mutoto mwanamuke."

"Tumushukuru Mungu."

Nikamwambia. Sikumaliza.

"Najua," alisema. "Ile mustari mbili mbili? Ni nani mwingine alikuwa na mufuko ya pindo?"

"Sasa juu ya nini haukusema, yaya?"

"Nilikuwa nangoja weye useme." Aliweka kipande kimoja juu ya fungu, kikaporomoka, akakirudisha. "Kama ungesema, minye ningekukatala. Ningesema: patron, huyu anadanganya, ni minye. Batoto yangu banakomaa, minye naweza kufa njaa kidogo. Ile maneno nilikuwa nayo mu kinywa, tayari. Lakini weye ukasema siyue. Sasa ningejibu nini?"

Sijui kama kweli angefanya hivyo. Mtu anaweza kusema hivyo mambo yakishapita. Lakini pale mbele ya patron, kabla mimi sijafungua kinywa, yeye alishasema tulikausha wote wawili, na hilo siwezi kuliondoa.

Nikamwambia nitakwenda kwa patron mwenyewe Jumatatu.

"Ili bamufukuze bibi mu hospitali na nyuzi mu tumbo?" Hapo ndipo alipopandisha sauti. "Weye unataka kujisafisha. Usijisafishe na tumbo ya bibi yako! Ngoja bamutoshe nyuzi. Kiisha ufanye ile roho yako inapenda. Minye hainihusu tena."

Nilingoja. Nyuzi zilitolewa baada ya siku nane, nikamrudisha bibi na mtoto nyumbani. Yeye sikumwambia kitu. Kesho yake nilifika kazini mapema, nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya patron. Alikuwa ndani, nilimsikia anakohoa. Uani kulikuwa na motokari mbili zimeoshwa, jua linapanda, na mwoshaji mpya, mtu mzima aliyetoka Kamatanda, alikuwa anapangusa paa kwa kuzungusha mkono kama anafuta meza.

"We, papa, unaiua!" nilimwambia. Nikamnyang'anya kitambaa, nikamwonyesha: tandaza, shika pembe, vuta. Matone yalikuwa yanaanza kukauka kwenye milango, na upande wa pili bado. Nilijiambia, kwanza matone, halafu patron. Nilifanya kazi pale miaka mingine minne, na kwenye mlango ule sikupiga hodi.